Usiilaumu fimbo: dhana potofu kuhusu kifaa cha kunolea visu

Wachana sangara wa mwaloni Kirumba, Mwanza, wengi hunoa kwa kinoo au tupa, na mkono wao unaijua pembe ya kulaza jiwe kwenye makali. Sisi ambao mkono haujui tunanunua kifaa: kibano kinashika mgongo wa kisu, jiwe limefungwa kwenye fimbo nyembamba ya chuma, fimbo inapita kwenye tundu nyuma ya kibano. Kisu kikikataa kukata, mtuhumiwa wa kwanza ni fimbo. Inarefushwa, inapindwa, inabadilishwa.

Dhana: fimbo ndefu hubadilisha pembe.
Haibadilishi. Pembe inategemea tundu liko juu kiasi gani na liko mbali kiasi gani na makali. Kipande cha fimbo kinachochomoza nyuma ya tundu hakimo kwenye hesabu hiyo. Urefu unasaidia jiwe lifike ncha ya kisu kirefu cha minofu bila fimbo kuchomoka, basi. Ila una gharama: ukirefusha fimbo mara mbili kwa unene uleule, mkono uleule unaipinda mara 8 ya awali. Unene ndio dawa, maana kipenyo kikiwa mara mbili, ugumu wa kupinda unakuwa mara 16. Mimi nilianza na spoku ya baiskeli, milimita 2, kwa kuwa ilikuwepo uani. Ikanyumbuka kama ufito wa ndoana ulionasa sato. Chuma cha milimita 4 kutoka kwa fundi wa kuchomelea kilimaliza habari hiyo, baada ya kulitanua tundu.

Dhana: tundu likilegea kidogo si neno.
Fimbo ikicheza milimita 1 tunduni, na makali yako milimita 150 kutoka hapo, pembe inayumba karibu nyuzi 0.4. Kwa kila mkupuo jiwe linayaviringisha makali badala ya kuyachonga bapa. Kipande cha mrija wa kalamu kikikaa vizuri ndani ya tundu kinatosha.

Dhana: pembe huharibika jiwe likielekea ncha.
Hii ndiyo inayowafanya watu wapinde fimbo bure. Penye makali yaliyonyooka, pembe haibadiliki hata chembe, alimradi fimbo inazunguka kwa uhuru tunduni. Tundu ni nukta, makali ni mstari. Nukta na mstari hufanya bapa moja, na jiwe haliachi bapa hilo liende kulia au kushoto. Mabadiliko yanaanza pale tumbo la kisu linapojikunja kwenda ncha, na hapo mwamuzi ni mahali ulipobana. Ukibana karibu na ncha, pembe ya nchani inapanda. Ukibana mbali, kuelekea mpini, inashuka. Sogeza kibano kidogo kidogo hadi pembe ya nchani ilingane na ya makali yaliyonyooka. Fimbo iache.

Dhana: jiwe lolote linaingia kwenye fimbo yoyote.
Linaingia, ila mawe mawili yakitofautiana unene kwa milimita 2, kwa umbali uleule wa 150, pembe inahama robo tatu ya nyuzi. Jiwe laini litasugua pembeni mwa kazi ya jiwe la kukwaruza, nawe utanoa mpaka jioni. Hapa, na hapa tu, kuipinda fimbo shingoni, karibu na jiwe, ili nyuso za mawe zikae sawa kuna maana.

Dhana: namba iliyoandikwa ndiyo pembe.
Kwenye Lansky, chapa ya kifaa cha aina hii chenye matundu kadhaa, matundu yameandikwa nyuzi 17, 20, 25 na 30. Kisu kipana makali yake yako mbali zaidi na tundu, kwa hiyo hupata pembe ndogo kuliko chembamba kwenye tundu lilelile. Paka makali wino wa maka peni, pitisha jiwe mara mbili, tazama wino umetoka wapi. Ukibaki kwenye makali yenyewe na kutoka nyuma yake, upande wa mgongo wa kisu, panda tundu la juu.

Cha minofu nakiweka tundu la 17. Cha kupasulia vichwa vya sangara, 25, maana mfupa ule hauna adabu.