Pilipili haimfanyi mbwa kuwa mlinzi

Kwa miaka mingi umekuwa ukisambazwa, katika magrupu ya mtaa, ujumbe unaoelekeza kwamba mbwa wa ulinzi achanganyiwe pilipili katika chakula na afungiwe bandani gizani mchana kutwa ili awe mkali. Maelekezo hayo si sahihi. Pilipili humwasha mbwa kinywani na tumboni kama inavyomwasha binadamu, na inaweza kumletea kutapika na kuhara. Haimfundishi kumtofautisha mgeni na mwenyeji.

Chanzo cha mkanganyiko kinaeleweka: mbwa mwenye maumivu, au aliyefungiwa bila kuona watu, hubweka na kuuma kwa hofu, nasi huuita woga huo ukali. Anayetaka kuhakikisha amtazame mbwa wa namna hiyo, akiwa bado amefungwa, mtoto wa nyumbani anapopita, au paka, au mpita njia: atawabwekea wote sawasawa, na mlinzi anayepigia kelele kila kitu (hili husahauliwa) hamwambii mwenye nyumba lolote.

Kinachofaa ni kumzoesha mtoto wa mbwa watu na sauti mbalimbali kwa upole, kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ya umri wake, kisha kumfundisha kwa tuzo: akibweka getini na kunyamaza anapoambiwa, apewe kipande cha nyama papo hapo, ndani ya sekunde 1 au 2, kabla hajafanya jambo lingine. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo. Aliyekutumia mwulize kwa utulivu kama mbwa wake humtii.