Kuingia barabara kuu yenye magari ya kasi: dhana potofu tunazoendesha nazo Mwanza

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, anayetoka Mwanza kwenda Sengerema au Geita hasubiri tena kivuko pale Kigongo. Kilomita 3 za Ziwa Victoria zinavukwa kwa dakika chache, na aliyewahi kukwama kwenye foleni ya kivuko akiwa na mgonjwa ndani ya gari anajua ukubwa wa jambo hilo. Ila kivuko kilikuwa kinashusha magari kwa mkupuo, kisha barabara inapumua mpaka safari nyingine. Sasa magari yanakuja muda wote, tena na mwendo, huku sisi tunaotokea mitaa ya Usagara na Buhongwa tukiendelea kuingia barabara kuu kwa mazoea yaleyale. Ndani ya mazoea hayo zimo imani ambazo si za kweli, na zinaua watu.

Dhana: "Kama una wasiwasi, ingia polepole"

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na inadanganya kwa sababu inafanana na busara. Hatari kubwa pale unapoingia barabara kuu ni tofauti ya mwendo kati ya gari lako na yale uliyoyakuta. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria wa mabasi na malori makubwa, linakata mita 22 kila sekunde. Ukijitokeza mbele yake unatambaa kwa kilomita 20, linakusogelea kwa karibu mita 17 kila sekunde. Kama lilikuwa mita 100 nyuma yako, zimebaki sekunde 6. Ndani ya hizo 6, dereva anapoteza kama moja na nusu kutambua kinachotokea na kupeleka mguu kwenye breki, na katika muda huo basi limeshakwenda mita 33 bila kupungua hata kidogo. Gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, linahitaji takribani mita 35 nyingine ili lisimame. Basi lililojaa abiria linahitaji zaidi, na lami ikilowa, zaidi tena.

Lazima tutofautishe barabara, maana ushauri mwingi unaozunguka umetoka kwenye barabara zisizofanana na zetu. Thika Road ya Nairobi, kwa mfano, ina njia za pembeni za kuongezea mwendo: dereva anakanyaga mafuta akiwa bado ndani ya njia hiyo, analinganisha mwendo na waliomo, ndipo anahamia. Ukisimama katikati ya njia ya namna hiyo umemtega aliye nyuma yako, na umejinyima nafasi ya kuongeza mwendo. Makutano yetu mengi hayana njia hiyo; vumbi linaishia, lami inaanza. Hapo unasimama kabisa, unasubiri nafasi ya kutosha, na ukishaamua kuingia unaingia kweli: unabadilisha gia bila kuchelewa hadi uwe kwenye mwendo wa wenzako. Upole wote uishie kabla ya lami.

Dhana: "Aah, bado liko mbali"

Jicho linapima umbali, wakati unachohitaji kujua ni muda. Gari lililo mita 200 likija kwa kilomita 80 litakufikia baada ya sekunde 9. Likija kwa 100, ni sekunde 7 tu. Noah iliyobeba familia na mizigo, ikianzia kusimama, inaweza kutumia zaidi ya sekunde 10 kufika mwendo huo. Fuso la mizigo usiliulize. Chagua nguzo ya umeme au kibao upande inakotokea hatari, angalia magari mawili matatu yanatumia sekunde ngapi kutoka pale mpaka ulipo, na utajua nafasi yako halisi. Kazi hiyo inachukua nusu dakika.

Pikipiki ndiyo inayotudanganya zaidi. Kwa kuwa ni nyembamba, macho huiona iko mbali na ina mwendo mdogo kuliko ilivyo. Tena nguzo ya kioo cha mbele inaweza kuificha bodaboda nzima pamoja na abiria wake, kwa hiyo sogeza kichwa na kifua mbele na nyuma unapotazama. Kugeuza shingo peke yake hakutoshi. Usiku taa moja inaweza kuwa pikipiki, na inaweza kuwa lori lililoungua taa ya upande wa pili.

Dhana: "Ukikunja kushoto, tazama kulia tu"

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, magari ya njia unayoingia yanatokea kulia kwako. Wengi wanatazama kulia, wanaona peupe, wanaondoka. Lakini upande wa kushoto, kwenye njia ya wanaokuja, huenda kuna lori linapanda taratibu na nyuma yake kuna mtu ameamua kuovateki. Huyo yuko ndani ya njia yako, uso kwa uso na wewe. Hapaswi kuovateki kwenye makutano, hilo ni kweli, ila ukweli huo haumsimamishi. Tazama kulia, kushoto, kisha kulia tena wakati mguu unaachia klachi.

Na sauti ya konda, "Twende suka, hakuna gari!", isiwe macho yako. Konda yuko mlangoni, upande wa kushoto, ana abiria wa kuwahesabu na chenji mkononi. Akisema twende, dereva bado ana deni la kutazama mwenyewe.

Dhana: "Niko barabara kuu, huyo atasubiri"

Ni kweli una kipaumbele. Kipaumbele hakikupi ruhusa ya kumgonga aliyekosea hesabu. Nimewaona madereva wakimwona mtu anajitokeza mbele, badala ya kuachia mafuta wanaongeza, wanapiga taa full na honi mfululizo ili kuziba nafasi. Wanachokilinda ni nini? Kilomita moja kwa mwendo wa 80 ni sekunde 45. Ukishuka hadi 70 ni sekunde 51. Umehatarisha watu wote waliomo kwenye magari mawili kwa sekunde 6.

Upande wa pili kuna ukarimu unaoua. Mtu anafunga breki ghafla kwenye mwendo mkubwa ili ampungie mwenzake mkono apite. Aliye nyuma yake hakutarajia, na bodaboda inayopita ubavuni haijauona huo mkono. Kama unataka kumsaidia anayeingia, achia mafuta mapema na taratibu, acha nafasi ijifungue mbele yako, na uamuzi wa kuingia umwachie yeye.

Dhana: "Nimewasha indiketa, nimepewa njia"

Indiketa ni taarifa. Inasema unachotaka kufanya, haisemi kwamba umekubaliwa. Iwashe mapema, kisha subiri.

Dhana: "Usipochomekea hutafika"

Asubuhi njia ya kutoka Igoma kuja mjini inapobanwa, tunawachukia wote wanaopita pembeni bila kuwatofautisha. Pale njia mbili zinapoungana kuwa moja na magari yanatambaa, kuzitumia zote mbili mpaka mwisho na kupokezana zamu, gari moja la huku na moja la kule, ni utaratibu sahihi. Ujerumani umewekwa kwenye sheria. Anayefika mwisho wa njia yake halali na kuingia kwa zamu hajakuibia kitu.

Anayetanua ni mwingine. Huyo anapita kwenye bega la barabara au njia ya wanaokuja, kisha anajisukuma mbele ya foleni. Na bega letu lina watu: wanafunzi, wauza dagaa wenye ndoo kichwani, baiskeli zenye magunia ya mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Abiria uliyemo ndani ya daladala inayotanua una haki ya kupaza sauti, na wakipaza watano dereva husikia. "Dereva, rudi barabarani" inatosha.