Bendi ya familia ni ipi hasa?

Nimemsikia tena mtangazaji wa redio akisema kwamba Jackson 5, wale ndugu waimbaji wa Marekani, walikuwa "bendi ya familia iliyokufa 1975 ndugu walipogombana". Sentensi hiyo moja ina makosa matatu, nami nimechoka kuisikia.

Bendi ya familia ni wanamuziki ambao kiini chao ni watu wa nyumba moja, iwe ndugu kwa ndugu au wazazi na watoto wao. Maana yenyewe inaishia hapo.

Ugumu uko kwenye "bendi". Neno hili la Kiingereza tumelipokea mara mbili. Mwishoni mwa karne ya 19 lilitua pwani likawa "beni", ile ngoma ya gwaride na vyeo, ambayo vyama vyake vya Marini na Arinoti vilishindana hadi ndani ya Tanganyika. Baadaye likarudi na magitaa, likawa "bendi". Safari zote mbili lilikuja na vyombo mkononi. Ndiyo maana wapenzi wa muziki wa dansi hukataa kuwaita bendi vijana wanaoimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Hao ni kundi, na kuwaita kundi si kuwadharau.

Sasa wapime Jackson 5. Walianzia Gary, Indiana, mji wa viwanda vya chuma, ambako baba yao Joe alifanya kazi. Gitaa lilikuwa la baba, na mwanawe Tito alilipiga kwa siri hadi alipokata uzi. Baadaye Tito akawa mpiga gitaa na ndugu yake Jermaine akashika besi. Hiyo ni bendi bila ubishi. Lakini Motown, kampuni ya kurekodi muziki, ilipowasaini 1969, studioni walipiga wanamuziki wa kukodiwa, na nyimbo zao nyingi za mwanzo zilitungwa na timu ya mwenye kampuni, Berry Gordy, iliyojiita The Corporation. Nyimbo zao nne za kwanza Motown zote zilishika namba moja Marekani mwaka 1970. Kwa hiyo katika kilele chao walikuwa bendi jukwaani, na kwenye santuri walikuwa kundi la waimbaji.

Hata neno "familia" lilivutwa kidogo. Aliyewapigia ngoma jukwaani aliitwa Johnny Jackson, na Motown ikamtangaza kuwa binamu yao. Hakuwa na undugu nao. Majina tu yalifanana. Sisi tunaomwita hata jirani "ndugu" tunaweza kulipitisha jambo hili kirahisi, lakini Kiswahili kina "ndugu wa tumbo moja" kwa sababu maalumu, na hapa ndipo pa kulitumia.

Kosa linaloniuma zaidi ni hilo la 1975. Mwaka ule ndugu walitangaza kuhamia Epic, kampuni iliyokuwa chini ya CBS. Walitaka kutunga na kusimamia nyimbo zao wenyewe, na Motown haikuwaruhusu. Motown iliwashtaki, na jina "Jackson 5" likabaki kwake. Jermaine, aliyekuwa amemuoa Hazel, binti wa Gordy, akabaki Motown. Mdogo wao Randy akaingia badala yake, na bendi ikaendelea kwa jina la The Jacksons. Damu ilikuwa ya familia, lakini jina lilikuwa mali ya kampuni. Watu hudhani vitu hivyo viwili huenda pamoja.

Tena walipohama ndipo walipopata kazi waliyoitaka. Albamu ya Destiny, ya 1978, waliisimamia wao, na nyimbo zake karibu zote walizitunga wenyewe. Kushuka kulikuja baadaye, taratibu. Michael, mwimbaji wao mkuu, alikuwa amekua kuliko bendi, hasa baada ya Thriller, albamu yake mwenyewe ya 1982. Jermaine alirudi kwa ajili ya albamu ya Victory ya 1984 na ziara yake, na Disemba mwaka huo, kwenye onyesho la mwisho Los Angeles, Michael akatangaza kwamba ndiyo ziara yake ya mwisho pamoja nao. Albamu ya mwisho ya ndugu hao ilitoka 1989.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukizungumzia 1975 sema tu kwamba mwaka ule ndugu wanne waliaga Motown na kuliacha jina nyuma. Neno "kufa" liweke kando. Walibaki na miaka zaidi ya kumi ya kupiga muziki.