Je, wajua kwa nini picha uliyoifuta kwenye simu hutoweka na mtandaoni?

Chukua karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) ya kahawa huko Rungwe. Kila jioni hupiga picha ukurasa wa daftari la mizani. Simu ikijaa, anafuta za mwezi uliopita ndani ya programu ya Google Photos bila wasiwasi: si zipo Google? Mhasibu wao, aliye Mbeya mjini, anafungua laptopu na kukuta hakuna kitu.

Hakuna aliyeziiba. Programu imetii amri. Google Photos, Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yake kubwa ni kusawazisha, yaani kilichopo huku kiwepo na kule. Kufuta nako ni badiliko, hivyo hupelekwa kote kwa uaminifu uleule. Google Photos inacho kitufe cha kupunguza mzigo kwenye simu pekee, lakini wengi hubonyeza kile cha kufuta.

Muda wa kujirudi upo, ila mfupi. Kwenye Google Drive faili hukaa katika tupio siku 30. Kabla ya Oktoba 2020 lilikaa mpaka mwenyewe alitoe. Picha zilizokwisha kuhifadhiwa Google Photos hupewa siku 60. Sasa, mkulima anayekuja kubishia kilo zake wakati wa malipo ya pili atakuwa amechelewa sana. Na folda mliyoshirikiana haiwaokoi: mwenye faili akilifuta kabisa, wote mmelikosa.

Google wenyewe wanalijua hili. Februari 2011 hitilafu ya programu ilifuta barua za takriban asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail, ingawa nakala zilikuwa katika vituo vya data zaidi ya kimoja. Nakala zote zilikuwa zimeunganishwa, zikaumwa pamoja. Zilizookoa jahazi ni kanda za sumaku, zile za kizamani, kwa sababu zilikuwa nje ya mfumo na hitilafu haikuzifikia.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Nakala ya akiba ni ile isiyofuata mkono wako unapokosea. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliipa kanuni inayokumbukika: nakala 3, vifaa vya aina 2, na 1 ikae mahali pengine. Kwa AMCOS yetu hiyo ni ya mtandaoni, diski ya nje ofisini, na diski nyingine kwa mhasibu mjini. Diski ichomekwe siku ya kunakili tu, kisha ichomolewe. Flashi za bei ya chee mimi siziamini kwa hesabu za watu.

Kushusha kila kitu kwa mkupuo kuna Google Takeout. Andaa bando la kutosha. Ukimaliza, fungua picha mbili tatu kutoka kwenye diski yenyewe, intaneti ikiwa imezimwa, uone kama daftari linasomeka.