Transfoma haikaangi chipsi

"Kaka, chipsi zako kavu hivi, siyo mafuta ya transfoma kweli?" Wa juzi alikuwa kijana wa chuo, tena nusu sahani ilishashuka tumboni. Kabla yake aliuliza mama mmoja, kabla ya mama dereva wa bodaboda, na kabla ya hapo sikumbuki. Nimechoka. Leo naandika, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa, mwenyewe niendelee kugeuza zege, yaani chipsi mayai.

Wizi wenyewe upo, tusidanganyane. Transfoma zinafunguliwa usiku, mafuta yanakingwa kwenye madumu, mtaa mzima unaamkia giza. Kampuni za umeme hapa kwetu Tanzania, na pia Kenya na Uganda, zimelalamika miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2014 Al Jazeera waliandika kwamba mafuta yanayoibwa Kenya yanaishia kwa wakaanga chipsi. Kwa hiyo sitamwapia kila mtu mwenye karai. Ninachobisha ni ile hesabu ya mtaani kwamba chipsi ikiwa kavu na inavunjika ni transfoma, na ikiwa imelegea inatiririka mafuta basi hiyo ndiyo salama.

Mafuta ya transfoma ni ndugu yake dizeli. Yanatoka kwenye mafuta ghafi ya ardhini, kazi yake kupoza na kuzuia umeme usirukie usikotakiwa. Mvuke wake unaweza kudaka moto kwenye nyuzi joto 140 au 150 hivi. Chipsi zinamaliziwa kwenye 180. Sasa chukua karai la mafuta hayo, lipandishe mpaka 180 juu ya mkaa unaorusha cheche, halafu uniambie nani atabaki pale kukuuliza unataka kachumbari. Mteja angeona moto kabla hajaona chipsi.

Kuna mahali hoja yangu inapungua nguvu, nakiri. Mtu akichanganya lita chache za transfoma kwenye dumu la mafuta ya kula, karai halilipuki, na pua yako huenda isimkamate. Huyo anakulisha sumu, hasa kama transfoma ni ya zamani, maana baadhi zilijazwa mafuta yenye PCB, kemikali ambazo Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliziweka kwenye orodha ya kuondolewa duniani. Moto wa karai hauziunguzi. Lakini hata huyo mhalifu haongezi ukavu. Anachotafuta ni mafuta yasiyochakaa haraka, basi. Ukavu unatoka kwingine.

Unatoka kwenye kiazi. Robo tatu au zaidi ya kiazi ni maji, na kiazi cha chipsi ni kile ambacho walau kilo 20 kati ya kila 100 si maji. Kikishuka hapo, kaanga na mafuta ya dhahabu, italegea tu. Ukitaka kupima nyumbani, koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi. Kinachozama kina unga, kipeleke kwenye karai. Kinachoelea kipikie mchuzi. Sokoni hakuna muda wa ndoo na chumvi, kwa hiyo mimi nasugua ganda kwa kidole gumba. Likichubuka kirahisi, kiazi kimeng'olewa kabla hakijakomaa kwa sababu bei ilikuwa nzuri, na ndani ni maji na sukari. Gunia linaweza kuwa la Njombe, Mbeya au Lushoto, limejazwa lumbesa mpaka linashonewa kofia, kidole gumba hakijali.

Hiyo sukari ndiyo inayozifanya chipsi ziwe nyeusi, halafu mteja anasema mafuta machafu. Kiazi kilichokaa kwenye baridi ya friji kinageuza wanga wake kuwa sukari, na sukari ikikutana na moto inaungua rangi. Uingereza walikuwa wanawakataza watu kuweka viazi kwenye friji, wakihofia kemikali inayotokea sukari hiyo ikiungua, kisha mwaka 2023 wakalegeza, wakasema kwa mpishi wa nyumbani madhara si makubwa walivyodhani. Sawa. Mimi kwa chipsi siweki.

Sasa nije kwenye kinachonikera kuliko hata transfoma: "Usinipe za kabatini, nikaangie mpya."

Dada yangu, kaka yangu, zile nyeupe unazoziona kabatini si viporo. Ziko nusu ya safari. Zimeingia kwenye mafuta ya wastani, nyuzi 150 hivi, zikaiva ndani bila kushika rangi, zikatolewa zipumzike. Zinapopoa, mvuke unatoka, na maji yaliyobaki katikati yanasogea taratibu kuja nje. Ukizirudisha kwenye mafuta makali, yale maji ya juu yanafukuzwa kwa dakika mbili tatu na ngozi inakauka inakuwa ganda. Huo ndio ukavu unaoushangaa. Wabelgiji, ambao kwao chipsi ni jambo la heshima ya taifa, wanakaanga hivyo hivyo mara mbili, na hakuna anayewauliza habari za transfoma.

Ukinilazimisha nianze na kiazi kibichi huku umesimama unaangalia saa, nina njia mbili, zote mbaya. Moto mkali, upate kahawia nje na ubichi ndani. Au moto mdogo kwa muda mrefu, zitoke zimechoka. Ukijaza karai ndiyo umemaliza kabisa: viazi vingi vinashusha joto la mafuta, mlio wa kuchemka unakufa, na kuanzia hapo unachemsha chipsi kwenye mafuta. Mkaanga mzuri anasikiliza mlio huo kuliko anavyoangalia rangi. Za asubuhi kuuzwa usiku wa manane sitetei, hizo zikatae kwa sauti.

Na kukung'uta! Watu wanadhani mafuta yanaingia chipsi ikiwa ndani ya karai. Muda wote inapotoa mapovu, mvuke unasukuma kutoka ndani kuja nje, mafuta yanapata nafasi ndogo. Mengi yanaingia baada ya kuitoa, pale mvuke unapopoa na kuvuta kile kilichoganda juu ya ngozi. Sekunde za kwanza juu ya karai ndizo za kukung'uta kwa nguvu. Anayechota na kumwaga moja kwa moja kwenye sahani amekuuzia mafuta kwa bei ya kiazi.

Kinachonichekesha ni kwamba huyo huyo aliyenihoji kuhusu ukavu anamalizia kwa kusema, "Nitengenezee zege." Yaani baada ya kazi yote hiyo nipasue mayai mawili, nimwage juu, nifunike na sahani, nigeuze, na ganda lote lilainike isipokuwa pembeni panaposhika frampeni. Na natengeneza, kwa moyo mweupe, kwa sababu zege la saa tano usiku lenye kachumbari ya ndimu na pilipili halina mpinzani. Mtu ametoka kazini amechoka, mfukoni amebakiwa na kidogo, na bado anakula kitu cha moto kilichopikwa mbele ya macho yake.

Ukitaka kunihoji kwa haki, niulize mafuta nimebadilisha lini. Hapo nitajikuna kidogo. Nchi kadhaa za Ulaya zina kipimo: uchafu unaotokana na kuchakaa ukifika kama asilimia 25, mafuta yanamwagwa. Mimi nina macho na pua, na kwa uzoefu wangu macho yanachelewa. Rangi peke yake inadanganya, soseji chache tu zinaweza kuyafanya meusi. Angalia povu. Likiwa jembamba, limetanda karai zima na halitulii hata chipsi zikitolewa, mafuta yamekwisha. Yakitoa moshi kabla hata kiazi hakijaingia, yamekwisha tangu jana. Ukingo wa karai ukinata kama gundi, nenda kibanda kingine, hata kama kibanda chenyewe ni changu.