Seneta wa Jimbo Si Seneta wa Washington

Wiki iliyopita mama mmoja mzaliwa wa Uvira alifika darasani kwangu hapa Chicago akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za mumewe, ambaye bado yuko katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Alikuwa ametoka kungoja saa tatu katika ofisi ya seneta wa jimbo, na karani alipomweleza kwamba shauri lile haliwezi kushughulikiwa pale, alitoka akiamini kuwa amefukuzwa. "Mwalimu," aliniuliza, "yule si ni seneta? Na mambo ya viza si yako kwa maseneta? Mbona amekataa kunisaidia?" Ninafundisha masomo ya uraia kwa wazungumzaji wa Kiswahili katika jimbo la Illinois, na sikumbuki lini mwezi ulipita bila mimi kuulizwa swali hilo. Nimeona heri niliandike jibu lake kwa ukamilifu, pamoja na majibu ya dhana nyingine chache zinazoambatana nalo.

Dhana: "Seneta wa jimbo ni mtu wa Washington."

Kosa hili linaanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Nchini Tanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi, na mbunge wa jimbo huketi Dodoma katika bunge la taifa zima. Nchini Kenya, seneta huchaguliwa na watu wa kaunti moja, lakini kikao chake kiko Nairobi, naye ni kiongozi wa taifa. Basi mtu aliyekulia huko anapofika Marekani na kusikia "seneta wa jimbo", anaunganisha maneno mawili anayoyafahamu na kupata maana isiyokuwepo. Hapa jimbo ni serikali nzima, yenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake. Bunge la Illinois liko Springfield, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka Chicago, nalo lina maseneta 59 na wawakilishi 118 ambao hawana kiti chochote Washington. Illinois hiyohiyo hupeleka Washington maseneta wawili tu, kama yapelekavyo majimbo mengine yote, na hao ni watu wengine kabisa, wenye kazi nyingine na ofisi nyingine.

Wanafunzi wangu kutoka Zanzibar hulielewa jambo hili mara moja, kwa sababu wao wamezoea kuchagua mbunge wa kwenda Dodoma na mwakilishi wa kuingia Baraza la Wawakilishi. Wakongo nao hulielewa nikiwakumbusha tofauti ya depite (mbunge) wa taifa anayeketi Kinshasa na depite wa provensi (mkoa). Wanaosumbuka zaidi ni wale ambao jamaa zao waliotangulia kufika wamekwisha kuwapa jibu lisilo sahihi kwa uhakika mkubwa, kisha mwalimu analazimika kwanza kubomoa kabla ya kujenga.

Vyombo vyetu vya habari pia vimechangia. Mara ngapi tumesoma kwamba Barack Obama alikuwa "Seneta wa Illinois"? Maneno hayo yanabeba kazi mbili tofauti. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 alikuwa seneta katika bunge la Illinois, akiwakilisha Eneo la 13 upande wa kusini wa Chicago, ambalo lilijumuisha mtaa wa Hyde Park. Kuanzia Januari 2005 hadi Novemba 2008 alikuwa seneta wa Marekani kutoka Illinois. Kwa miaka hiyo ya kwanza hakupiga kura hata moja juu ya vita, viza wala mikataba ya kimataifa, kwa kuwa hakuwa na mamlaka hayo. Alikuwa akisafiri kwenda Springfield kujadili bajeti ya jimbo, na wakati huohuo alikuwa mwanasheria na mwalimu wa sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago. Ninawaomba waandishi wa Kiswahili waandike "seneta wa bunge la Illinois" na "seneta wa Marekani kutoka Illinois". Ni maneno machache zaidi, nayo yangewapunguzia watu wengi safari za bure.

Sasa nirudi kwenye ile bahasha ya kaki. Viza, hifadhi, ukaazi na uraia ni mambo ya serikali ya taifa. Mwenye shauri la namna hiyo aende kwa mwakilishi wake katika Bunge la Marekani, au kwa mmojawapo wa wale maseneta wawili, kwa maana ofisi zao zina watumishi wanaoweza kuuliza katika idara ya uhamiaji faili limefikia wapi. Seneta wa jimbo hana mlango huo. Mlango alio nao ni mwingine, na wengi wetu tunaupita bila kuubisha: leseni za udereva, leseni za wauguzi, ruzuku za shule, mahusiano ya wapangaji na wenye nyumba, kima cha chini cha mshahara. Ni bunge la Illinois lililopitisha sheria iliyotiwa saini Januari 2013 kuwaruhusu watu wasio na hati za uhamiaji kupata leseni ya udereva. Ni sheria ya Illinois iliyofikisha kima cha chini cha mshahara dola 15 kwa saa tarehe 1 Januari 2025, wakati kile cha taifa kimebaki dola 7.25 tangu mwaka 2009.

Nilipoendelea kuzungumza na yule mama, ilibainika kwamba binti yake, aliyesomea uuguzi, amengoja leseni kutoka idara ya jimbo kwa miezi minne bila kujibiwa. Hilo ndilo lilikuwa shauri la seneta wa jimbo. Alikaa katika ofisi ileile saa tatu na hakulitaja, kwa sababu alidhani ni jambo dogo mno kwa mtu mkubwa kama yule. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba mtu hufika mahali pa msaada akiwa na shida mbili, akaomba msaada kwa ile isiyohusika, na ile inayohusika akarudi nayo nyumbani.

Dhana: "Uchaguzi wenyewe ni Novemba, hayo mengine ni mambo ya vyama."

Obama, aliyeingia bunge la Illinois kwa mara ya kwanza kwa uchaguzi wa Novemba 1996, alikuwa ameshinda miezi mingi kabla, na habari hiyo inapaswa kufahamika kwa kila anayesubiri Novemba. Kiti cha Eneo la 13 kilikuwa cha Alice Palmer. Mwaka 1995 Palmer aliamua kugombea kiti cha Bunge la Marekani, na Obama akajitokeza kurithi nafasi yake Springfield. Palmer aliposhindwa na Jesse Jackson Jr. mwishoni mwa mwaka huo, alitaka kurudi kwenye kiti chake cha zamani. Ili jina la mgombea liwekwe kwenye karatasi ya kura za mchujo za chama cha Democratic, yaani kura za kumchagua mgombea wa chama, zilihitajika sahihi 757 halali za wapiga kura waliojiandikisha katika eneo hilo. Timu ya Obama ilizikagua sahihi za wapinzani moja baada ya nyingine na kuwasilisha pingamizi. Palmer alijitoa, wagombea wengine watatu wakaondolewa, na Machi 1996 Obama akapita katika mchujo bila mpinzani. Katika eneo ambalo chama hicho hushinda kwa wingi mkubwa, Novemba ilikuja kuthibitisha tu yaliyokwisha kuamuliwa.

Watu huijadili habari hii kwa upande wa haki na uungwana, nao wana sababu zao. Mimi naitumia kufundisha jambo la karibu zaidi. Mtu anapobisha hodi kwako na karatasi ya kuomba sahihi, soma jina la mgombea na namba ya eneo, kisha uandike anwani ileile uliyojiandikishia. Kama hukujiandikisha, au umehama na hukubadilisha anwani, sahihi yako haimsaidii mgombea unayempenda, na inaweza kuwa mojawapo ya zile zinazomwangusha. Kisha nenda ukapige kura ya mchujo. Katika sehemu nyingi za Chicago, anayeikosa kura hiyo amekosa uchaguzi wote wa seneta wake.

Dhana: "Seneta hodari hupitisha sheria anazotaka."

Seneti ya Illinois inahitaji kura 30 kupitisha mswada wa kawaida, baraza la wawakilishi linahitaji 60, na baada ya hapo kuna saini ya gavana. Kwa miaka sita ya mwanzo chama cha Obama kilikuwa upande wa wachache katika seneti, na baadhi ya mafanikio yake ya wakati huo, kama sheria ya maadili ya mwaka 1998 iliyozuia zawadi kwa viongozi, yalitokana na kushirikiana na chama pinzani. Kilichogeuza mambo ni ramani. Mwaka 2001 tume ya kugawa maeneo ya uchaguzi iligawanyika sawasawa, na kwa mujibu wa katiba ya Illinois jina la mjumbe wa kuvunja sare likapatikana kwa kura ya bahati nasibu. Bahati iliwaangukia Democratic, wakachora maeneo mapya, wakashinda uchaguzi wa 2002, na Januari 2003 Emil Jones akawa rais wa seneti. Mwaka huohuo Obama alifanikisha sheria ya kurekodi mahojiano ya polisi katika kesi za mauaji. Bidii yake ilikuwa ileile ya miaka iliyotangulia. Hesabu ya viti ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Dhana nyingine nizijibu kwa ufupi.

Husemwa kwamba mtu akishindwa uchaguzi mmoja, amekwisha. Machi 2000 Obama alishindwa vibaya na Bobby Rush katika mchujo wa kiti cha Bunge la Marekani, naye akarudi Springfield kuendelea na muhula aliochaguliwa mwaka 1998, kwa kuwa kiti chake cha jimbo hakikuwa kikigombewa mwaka ule.

Husemwa kwamba asiyezaliwa Marekani hawezi kugombea. Sharti la kuzaliwa raia linamhusu rais na makamu wake. Katiba ya Illinois inamtaka mgombea wa bunge la jimbo awe raia, awe na umri wa miaka 21, na awe ameishi katika eneo lake miaka miwili. Huko Minnesota, Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia baraza la wawakilishi la jimbo Novemba 2024.

Husemwa pia kwamba kiti kikibaki wazi kutakuwa na uchaguzi mdogo, kama kwetu. Illinois haifanyi hivyo: kamati ya chama cha aliyeondoka humteua mrithi. Obama alipoondoka mwaka 2004, aliteuliwa Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye mwaka 2018 alichaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa Illinois.

Na husemwa kwamba, kwa kuwa huu ni uchaguzi wa jimbo tu, mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, anaruhusiwa kupiga kura. Haruhusiwi kabisa. Mzazi asiye raia anaweza kupiga kura ya baraza la shule ya mwanawe hapa Chicago, lakini si ya seneta wa jimbo, si ya mwakilishi, wala si ya gavana. Ukiulizwa kwenye kaunta ya leseni ya udereva kama unataka kujiandikisha kuwa mpiga kura, na bado hujala kiapo cha uraia, jibu hapana, na usitie sahihi fomu usiyoielewa hata kama foleni nyuma yako ni ndefu, kwa sababu sahihi hiyo inaweza kukufuata mpaka kwenye usaili wako wa uraia.