Kabla Mabati Hayajasimama: Jiji Linavyosimamia Majengo Yake ya Kale

Jengo la zamani katikati ya Kampala likizungushiwa mabati, simu za ofisini kwetu, tunakokagua majengo ya kale, huanza kulia. Wapigaji wana ombi moja: "Mzuieni huyo mtu asibomoe." Wana haki ya kuomba, ila mara nyingi wameshachelewa. Mabati ni hatua ya mwisho. Nyuma yake kuna michoro iliyowasilishwa, ada iliyolipwa, kamati iliyokaa na kibali kilichogongwa muhuri. Kama katika safari yote hiyo hakukuwa na karatasi hata moja iliyosema kwamba nyumba ile ina historia, basi afisa aliyetoa kibali hakuvunja sheria yoyote.

Ndiyo maana nataka tuzungumzie karatasi. Najua si habari ya kusisimua, lakini majengo huokoka au hupotea mezani kabla hayajafikiwa na nyundo.

Katiba ya 1995 inaitaka Serikali na wananchi kutunza urithi wa nchi. Katiba hiyo hiyo imeweka majengo na maeneo ya kumbukumbu ya kitaifa na mambo ya kale chini ya Serikali Kuu. Kwa miongo mingi tulitumia sheria ya 1967, hadi ilipokuja Sheria ya Makumbusho na Maeneo ya Kumbukumbu (Museums and Monuments Act) ya 2023. Mwenye dhamana ni wizara inayohusika na utalii, wanyamapori na mambo ya kale, kupitia idara yake ya makumbusho. Vibali vya ujenzi navyo viko kwingine. Kwa Kampala viko kwa Mamlaka ya Jiji, KCCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2010, ikifanya kazi pamoja na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka huo huo na Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013. Kwa maneno mengine, jengo moja lina ofisi mbili. Moja inajua thamani yake ya kihistoria, nyingine ina kalamu ya kuidhinisha libomolewe. Zisipozungumza, mwenye kiwanja hupita katikati yao bila kumsukuma mtu.

Kuna orodha, tena nzuri. Shirika la Cross-Cultural Foundation of Uganda limefanya kazi ya miaka ya kukagua majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja, kuyapiga picha na kuyachorea ramani. Ila orodha ya shirika haimfungi mtu mikono. Orodha hupata nguvu pale inapotangazwa kisheria, na kwa maoni yangu hupata nguvu zaidi pale namba ya kiwanja inapoingizwa kwenye kumbukumbu za ofisi ya vibali, ili afisa akiifungua tu aone onyo. Hilo la pili halihitaji Bunge. Linahitaji watu wawili wakae meza moja wakiwa na ramani moja.

Tumeshaona jinsi hata jengo la umma linavyoweza kuponea chupuchupu. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 kwenye kilima cha Old Kampala. Jengo lake la sasa la Kitante, lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May, lilifunguliwa 1954. Mnamo 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kusimamisha hapo mnara wa biashara wa ghorofa 60. Mashirika ya urithi yalikwenda mahakamani, mjadala ukawaka magazetini, na jengo bado lipo. Ngome ya Lugard, afisa wa ukoloni wa Kiingereza, haikuwa na bahati hiyo. Iliondolewa kupisha msikiti mkuu wa kitaifa pale Old Kampala, na mfano wake ukajengwa upya pembeni. Msikiti huo ni fahari ya mji, na mimi mwenyewe huwapeleka wageni kwenye mnara wake waone vilima vyote. Lakini mfano si ngome.

Hapa kuna swali ninaloulizwa kila mahali, na si swali la kipuuzi: kwa nini tuhangaike na majengo ya wakoloni? Mwaka 2025 Mahakama Kuu iliamuru majina ya kikoloni yaondolewe kwenye barabara na maeneo ya umma ya Kampala, na watu wengi walifurahi. Sioni mgongano. Jina ni heshima tunayompa mtu, na heshima inaweza kuondolewa. Jengo ni ushahidi. Isitoshe, mengi tunayoyaita ya kikoloni si ya wakoloni. Bulange pale Mengo ni jengo la Ufalme wa Buganda wenyewe. Maduka ya Main Street, Jinja, yenye baraza pana mbele na jina la mwenyewe na mwaka vilivyochongwa juu ya paji la nyumba, yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa. Ukibomoa baraza hizo, mtembea kwa miguu anapoteza kivuli na mahali pa kujikinga na mvua, na jengo jipya la vioo halimrudishii.

Maduka hayo yanatuleta kwenye fundo gumu zaidi, nalo ni umiliki. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa kwa notisi ya siku 90, na mali zao zikawekwa chini ya bodi ya uangalizi. Sheria ya kurudisha mali hizo ilitungwa 1982, na kesi zake zimeendelea kwa miongo. Sasa jiulize: mpangaji asiyejua kama mwakani atakuwepo, atapanda juu ya paa kubadilisha vigae? Na mwenye nyumba aliyeko ng'ambo, anayepokea kodi kupitia wakala, ataujuaje mchwa ulioingia kwenye mbao? Ongeza ardhi ya mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi wa Buganda, ambako mwenye ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye nyumba mwingine. Barua yetu ya kuonya huzunguka bila kupata mlango wa kugonga.

Halafu kuna fedha. Duka la ghorofa moja limekaa kwenye kiwanja kinachoweza kubeba ghorofa kumi. Tukimwambia mwenye duka asibomoe, tumemtwisha peke yake gharama ya kitu tunachokifurahia sote. Jiji likitaka kuwa la haki, lipunguze kodi ya majengo kwa anayetunza, au limruhusu ajenge juu zaidi nyuma ya kiwanja na kuuacha uso wa mbele kama ulivyo. Amri bila kifuta jasho huzaa ujanja: mtu hubandua bati moja la paa, kisha huiachia mvua imalizie kazi.

Na mvua zetu, za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, hazihitaji kuombwa mara mbili. Nieleze jambo ninaloliona karibu kila ninapokagua. Nyumba nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zina kuta za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa chokaa au udongo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kidogo wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Kisha anakuja fundi mwenye nia njema, anaupiga lipu ya saruji nzito, halafu rangi ya mafuta. Unapendeza kwa mwaka mmoja au miwili. Ndani, maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hayana tena pa kutokea. Chumvi inajikusanya, tofali linageuka unga, na siku moja lipu inabanduka kipande kizima ukubwa wa mlango. Hapo mhandisi anaitwa, anaingiza bisibisi ukutani, inazama hadi mpini, naye anaandika kwamba jengo ni hatari kwa maisha ya watu. Ripoti hiyo ndiyo tiketi ya kubomoa. Dawa ilikuwa lipu ya chokaa, na mfereji wa maji ya paa usioziba kwa majani ya mwembe. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwa wengine ni methali, kwetu ni utaratibu wa kazi.

Zanzibar wametutangulia. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya hifadhi tangu 1985, na tangu 2000 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Hata hivyo Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, Jumba la Maajabu, iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Kuwa na ofisi na cheo cha dunia ni hatua tu. Dari halijui kama limeorodheshwa.

Moto nao tunaujua vizuri kuliko tunavyotaka. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 uliteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi, walikolazwa Makabaka (wafalme wa Buganda) wanne. UNESCO ikaliweka eneo hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, likatoka 2023. Kwa nini miaka yote hiyo? Kwa sababu nyumba ile haijengwi na mkandarasi yeyote mwenye zabuni. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, mapambo ni ya ukoo wa Ngo, na dari lina pete 52 kwa ajili ya koo za Buganda. Ukiharakisha, unapata paa bila nyumba. Jengo kuu la Makerere, la 1941, liliungua Septemba 2020 na kufunguliwa tena 2024 likiwa na sura yake ile ile. Kilichosaidia ni kwamba kila mtu alikuwa analijua lilivyokuwa. Nyumba ya mtaani haina picha elfu moja za mahafali.

Kwa hiyo, kama kuna jengo mtaani kwako unaloliona lina thamani, usisubiri mabati. Andika barua sasa kwa ofisi ya mipango ya divisheni yako, nakala kwa idara ya makumbusho. Taja namba ya kiwanja, mtaa, lilijengwa lini kama unajua, na nani alilitumia. Waulize wazee wa mtaa na uandike walichosema kama walivyosema. Rasimu ya mpango wa eneo lenu ikiwekwa wazi kwa maoni, nenda ukaisome. Huko ndiko kimo cha majengo yajayo huamuliwa. Baki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Ambatanisha picha za pande zote, hasa za nyuma. Wengi hutuletea za mbele tu, ilhali ni kwa nyuma tunakoona tofali halisi, mfereji uliovunjika, na chumba kilichoongezwa juzi bila kibali.